Ngome za Wageni Zisibomolewe

Wanafunzi wenzangu, nanyi ndugu mliotutangulia shuleni,

Wako watu wasemao kwamba ngome za wageni ni alama za aibu, afadhali zianguke zenyewe. Mimi sikubaliani nao.

Tazameni wenzetu wa Mombasa. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Waarabu wa Omani waliizingira tangu Machi 1696 hata Desemba 1698, na wengi waliokuwamo wakafa kwa maradhi na njaa. Baadaye Waingereza wakaifanya gereza. Habari hizi zote ni chungu. Hata hivyo, mwaka 1958 gereza liliondolewa, ngome ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na baadaye ikafunguliwa kuwa nyumba ya makumbusho. Leo watoto wa shule huingia kujifunza mahali ambapo zamani watu walifungiwa.

Na sisi je? Mji wetu wenyewe, Usumbura ya zamani, ulikua kutokana na kituo cha askari wa Kijerumani, karibu na mpaka wa Kongo. Kiswahili nacho kiliingia pamoja na askari na wafanya biashara wa pwani, na hata leo chasemwa Buyenzi. Mwaka 1903 Mwami Mwezi Gisabo alishurutishwa kukubali mapatano ya Kiganda. Mwaka 1912 Wajerumani walihamishia makao yao Gitega, na Juni 1916 Wabelgiji wakawafukuza. Boma lao la Gitega lipo hata leo. Lakini wangapi kati yetu tukaao Gihosha tumekwenda kulitazama? Twaenda Gitega kwa arusi na kwa shughuli za serikali, nalo twalipita tu.

Sisemi tuwasifu waliolijenga. Jengo peke yake halisemi kitu, huhitaji msemaji. Tukilinyamazia, atakuja mgeni atueleze habari zake apendavyo. Yafaa basi tuulize: Nani walibeba mawe? Nani walifungwa humo? Wazee waliosikia habari hizo kwa baba zao wanapungua kila mwaka, na ukuta ukianguka nao wakiisha, tutauliza nani?

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Walimu watupeleke Gitega, kila mwanafunzi na daftari lake. Nanyi ndugu wa zamani, mwenye uwezo atusaidie nauli ya basi. Hiyo itakuwa zawadi kubwa kuliko vikombe vya mpira.

Mwanafunzi, Gihosha