Mwanagenzi Naye Ana Tumbo

Neno mwanagenzi si geni kwetu sisi watu wa pwani. Wazee wetu walipompeleka kijana kwa fundi seremala, au kwa fundi wa kuunda majahazi, walijua kwamba kwa muda wa miaka kijana huyo hatakuwa na mshahara. Atafagia vumbi la mbao, atashika upande wa pili wa msumeno, atatumwa dukani, na jicho lake litaiba kazi kidogo kidogo. Lakini adhuhuri ikifika na sinia likiletwa, fundi hakula peke yake. Mwanagenzi alikaribishwa, akanawa mikono, akala. Hata chuoni, tulipokuwa tukimchotea maji mwalimu na kumpasulia kuni, hatukuona kuwa twatumikishwa, maana tulijua twapewa nini. Jioni hapakuwa na mtoto aliyerudi kwao asiyejua zaidi ya alivyojua asubuhi.

Siku hizi neno hili limefufuka. Magazeti yawaita wanagenzi wale vijana wa vyuo vikuu wanaokwenda kwenye maofisi na mashirika ya hisani kujifunza kazi. Nafurahi kwamba neno limerudi. Ninalosikitikia ni kwamba sinia halikurudi nalo.

Nayasema haya baada ya safari ya bara, katika nchi ya Wakisii, yaani kaunti mbili za Kisii na Nyamira. Sisi wa pwani tukisikia Kisii, aghalabu twawaza ndizi na vinyago vya mawe. Lakini ni nchi ya vilima vya kijani, chai huku na migomba kule, watu wengi na mashamba madogo, na kwa sababu ya udogo wa mashamba hayo wazazi wengi wameweka tamaa yao yote katika elimu. Chuo Kikuu cha Kisii kilipata hati yake mwaka 2013, na hivi leo mji ule umejaa wanafunzi. Wala Waislamu si wageni pale. Wanubi, wazao wa wale askari wa zamani waliotoka Sudan, wameishi mjini Kisii vizazi na vizazi, na adhana husikika.

Nilikuwa katika mkahawa wa Mnubi mmoja, asubuhi, mvua imeshika. Akaingia binti na faili kwapani, akaagiza chai. Mwenye mkahawa akaniinamia, akaniambia, "Sheikh, huyu mtoto kila siku anakunywa chai kavu, hata mandazi hachukui. Hebu muulize kwa nini." Nikamwita, nikamwagizia mandazi, nikamwuliza.

"Mzee, mimi najitolea katika shirika moja hapa mjini," akasema.

"Nani aliyekutuma ujitolee?"

"Chuo, mzee. Nisipopata barua ya miezi mitatu, sitahitimu."

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipolishika jambo lenyewe. Kujitolea maana yake ni mtu kutoa nafsi yake kwa hiari yake. Mwenye kulazimishwa hajitolei, atolewa. Binti yule kwao ni upande wa Nyamira. Nauli ya kuja mjini na kurudi ilimpata shilingi 300 kwa siku. Kwa siku tano za juma, kwa majuma kumi na mawili, hizo ni shilingi 18,000. Mama yake huchuma majani ya chai katika kishamba chao na kuyapeleka kituoni, akalipwa kwa kilo, na kungoja bonasi mara moja kwa mwaka. Basi ni mama huyo, kikapu mgongoni, anayelifadhili shirika lile la mjini. Na jina lake halitaandikwa katika orodha ya wafadhili.

Nikamwuliza kazi yake ni nini. Akasema hupanga viti, hutoa kopi, huandika majina ya kina mama waliohudhuria mikutano. Lakini kazi yake kubwa haikuandikwa popote. Maofisa wakuu hutoka Nairobi, nao hawakijui Kikisii. Wakifika vijijini, yeye ndiye ulimi wao na ndiye sikio lao. Mkutano ukiisha, maofisa hutia sahihi na kuchukua posho ya safari, na yeye hupewa soda.

Simlitaji shirika hilo kwa jina, maana si nia yangu kumwaibisha mtu, na wala si peke yake. Jambo hili limekuwa desturi, na desturi mbaya haiondoki kwa kumsuta mmoja.

Wako watakaoniambia kwamba kujitolea ndiko kulivyo ulimwenguni kote, na ujira wake ni thawabu. Hebu tutazame. Wamarekani walianzisha jeshi lao la amani, Peace Corps, mwaka 1961, na vijana wao wamefundisha katika shule za Kenya tangu miaka ile ya 1960. Tuliwaita watu wa kujitolea, na kweli walijitolea. Lakini walipewa nyumba, na walipewa fedha za kujikimu kila mwezi. Waingereza wa VSO, walioanza mwaka 1958, nao vivyo hivyo. Hakuna aliyewatuma vijana hao ng'ambo akawaambia wajitafutie chakula na nauli. Neno tumeliazima kwao, lakini tumeliacha tumbo lake njiani.

Wala hatuna haja ya kwenda Marekani kutafuta mfano. Wakisii wenyewe wanao. Zamani, palipokuwa na shamba la kupalilia au nyumba ya kujenga, majirani waliitana katika kazi ya pamoja waiitayo risaga, na walikuwa na kikundi kidogo cha kupokezana zamu kiitwacho egesangio. Sisi twaweza kuifananisha na kikoa chetu. Hapakuwa na mshahara. Lakini mwenye shamba aliwapikia watu wakala wakashiba. Na leo ikiwa ni shamba langu, kesho ni lako. Kazi ilikuwa ya bure, lakini haikuwa ya upande mmoja. Mtu aliyeita watu kila mwaka, yeye asiitike kwa wenzake, angejikuta siku moja peke yake na jembe lake.

Tazama pia Tabaka, huko kunakochongwa lile jiwe laini la Kisii linaloitwa jiwe la sabuni. Mtoto hukaa karibu na mchongaji, akaanza kwa kusugua na kuosha, mwishowe akashika patasi. Hapewi cheti, lakini hula katika nyumba ile ile, na akimaliza ana kazi mkononi. Je, yule aliyetoa kopi kwa miezi mitatu, ana nini mkononi?

Na kabla hatujawalaumu wenye mashirika, tuseme kweli: serikali yenyewe haikutoa mfano mwema. Walimu wa sekondari ya chini, waliokwisha kuhitimu na kusajiliwa, waliwekwa madarasani kwa jina la uanagenzi, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, wakifanya kazi ya mwalimu kamili. Mwezi wa Aprili 2024 mahakama ya ajira iliamua kwamba haikuwa halali kuwaajiri walimu waliohitimu kwa namna hiyo. Tume ya walimu ikakata rufaa, na mwezi wa Mei walimu hao wakaingia barabarani kudai haki yao. Mwaka huo huo madaktari waligoma tangu katikati ya Machi hadi tarehe 8 Mei, na sababu kubwa ilikuwa ni wanagenzi: mapatano ya mwaka 2017 yaliwapa shilingi 206,400, serikali ikataka kuwapa 70,000. Ikiwa daktari na mwalimu, wenye vyama vya kuwatetea, walipata taabu kiasi hicho, binti wa Nyamira mwenye faili kwapani atatetewa na nani?

Hapana budi niwape wenye mashirika haki yao. Nilizungumza na mmoja wao, mtu mstaarabu, akaniambia, "Sheikh, sisi nasi ni maskini." Si uongo. Misaada ya Marekani ilisimamishwa mwezi wa Januari 2025, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la USAID likafungwa. Wafanyakazi wengi katika nchi hii walirudishwa makwao. Ofisi ambayo fedha zake zimekatika huona kijana wa bure ni rehema. Nalijua hilo. Lakini mwenye njaa hali chakula cha mwenye njaa mwenzake. Ikiwa shirika haliwezi kumpa mwanagenzi nauli na chakula cha mchana, basi haliwezi kuwa na mwanagenzi, kama vile asiye na nyasi asivyofuga ng'ombe. Afadhali lichukue wawili wanaokula kuliko kumi wanaoshinda na chai kavu.

Tena hasara si ya vijana peke yao. Kazi ya hisani huko Gusii si mchezo. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, vikongwe wanne wanawake waliuawa na umati wa watu kwa kusingiziwa uchawi. Vilevile ukeketaji wa wasichana, uliokatazwa kwa sheria ya mwaka 2011, umepungua sana nchini, lakini huko Gusii ungali umeshika mizizi, na mara nyingi hufanywa kwa siri na watu wenye elimu ya uuguzi. Mambo kama haya hayaondolewi na mgeni wa Nairobi mwenye bango na kipaza sauti. Yataka mtu anayejua lugha, anayeweza kukaa na bibi kizee jikoni akamsikiliza, anayejua ni nani humwogopa nani kijijini. Na mtu huyo ni nani? Ni mtoto wa pale pale, mtoto wa mchuma chai. Kwa kumnyima nauli twamfukuza yeye, na twambakiza yule ambaye baba yake aweza kumlipia kodi ya nyumba mjini miezi mitatu. Huyo hupata barua, barua humpa kazi, na kesho yeye ndiye ofisa anayekwenda vijijini na kutafuta wa kumfasiria.

Sasa, wasomaji wangu wa Mombasa, Malindi na Lamu, msije mkafikiri naandika habari za watu wa mbali. Tujitazame sisi. Vyama vyetu vya khairi, mwezi wa Ramadhani, vijana wangapi hupakia mafungu ya chakula tangu asubuhi, wakafuturu kwa tende na maji njiani, na nauli wakajilipia? Madrasa zetu zina walimu vijana wangapi ambao twawaambia "malipo yako yako kwa Mungu", na hali sisi malipo yetu twayachukua kila mwisho wa mwezi? Malipo ya Mwenyezi Mungu ni haki, wala hayapungui. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) ametuusia tumlipe mfanya kazi kabla jasho lake halijakauka. Thawabu ni baina ya kijana na Mola wake. Hatukupewa sisi ruhusa ya kuitumia badala ya nauli. Na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani na wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa wana daftari lile lile la kutiwa sahihi, na matumbo yale yale.

Sisemi kwamba vijana wadai mishahara ya wakubwa. La hasha. Kijana anayekataa kupanga viti kwa kuwa ana shahada hatafika mbali. Fundi mwema alianza kwa kufagia. Nataka mambo manne tu. Kwanza, nauli na chakula cha mchana, iwe ndiyo sharti la chini kabisa, na chuo kisimpeleke mwanafunzi mahali pasipotimiza. Pili, iandikwe tangu siku ya kwanza mwanafunzi atafundishwa nini, ili siku ya mwisho aulizwe, na shirika nalo liulizwe. Tatu, vyuo vipeleke wanafunzi katika kata zao, karibu na kwao, katika zahanati, maktaba na vyama vya wakulima wa chai, si wote kusongamana mjini au kukimbilia Nairobi kupanga chumba. Nne, anayefasiri alipwe kama mfasiri. Ulimi ni chombo cha kazi kama jembe.

Sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyopitishwa mwaka 2013, ilianza kutumika mwezi wa Mei 2024. Mashirika sasa yatakiwa kutoa hesabu za fedha zao. Ningependa katika hesabu hizo uwemo mstari mmoja zaidi: vijana wangapi walitutumikia mwaka huu, na tuliwapa nini.

Nilipoondoka mkahawani mvua ilikuwa imepungua. Binti alikuwa amemaliza mandazi mawili, na la tatu amelifunga katika karatasi kwa ajili ya mchana. Nikataka kulipa, Mnubi akanikatalia. Akasema, "Acha, sheikh. Toka leo atakula hapa mpaka hiyo miezi yake iishe."

Yule hana ofisi, hana mfadhili, wala hana bango mlangoni. Lakini sinia lake lilikuwa limerudi mahali pake.