Mapigo yapo, mwendo ni 80 tu

Mashabiki wa Mashujaa FC wana msemo wao, 'Mapigo na Mwendo'. Mapigo wanayaona Uwanja wa Lake Tanganyika. Mwendo ndio wenye kazi. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, na sheria ya usalama barabarani inataka gari lenye uzito wa zaidi ya kilo 3,500 lisizidi kilomita 80 kwa saa.

Piga hesabu. 1,200 gawa kwa 80 unapata saa 15, na hapo basi halijasimama hata kuchimba dawa. Kwenye makazi ya watu mwisho ni 50. Kuna matuta, kuna malori. Wastani ukifika 60 shukuru, na hizo ni saa 20 za kukaa kitini kwa mchezaji ambaye kesho yake anatakiwa kumkimbiza winga.

Ndiyo maana vijiweni Mwanga na Ujiji lawama humwangukia dereva, kwamba angekanyaga mafuta kidogo vijana wawahi kulala. Kwenye mabasi ya abiria hilo halifichiki tena. Kifaa cha VTS kinachosimamiwa na LATRA kinatuma taarifa za mwendo, na wapo waliokichezea wakanaswa. Formula One walipiga marufuku kuanzia 2004 mfumo wa kompyuta uliomsaidia dereva kuchomoka kwenye mstari. Huku kwetu kompyuta inatakiwa kumtuliza.

Na atulie tu. Julai 2021 basi la Polisi Tanzania lilipata ajali Moshi, mshambuliaji Gerald Mdamu akavunjika miguu. Februari 2025 ikawa zamu ya Dodoma Jiji, mkoani Lindi, wakirudi kutoka kucheza na Namungo. Wachezaji wakaumia na mechi yao na Simba ikaahirishwa. Hakuna pointi tatu zinazolingana na mguu wa mtu.

Kwa hiyo 80 ibaki. Kinachotakiwa kubadilika ni ratiba. Ligi ina timu 16, kila moja ina safari 15 za ugenini, lakini safari hizo hazifanani. Timu ya Dar ikicheza na jirani yake inalala nyumbani. Mashujaa kila ikienda huko inahitaji siku nzima ya barabara na nyingine ya kunyoosha misuli, na wanaokuja Kigoma kwa basi wanakutana na adha hiyohiyo. Bodi ya Ligi ikipanga mechi za ukanda mmoja zifuatane, ugenini mbili katika safari moja, nusu ya tatizo imeondoka bila mtu kugusa mafuta.

Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri saa 24, na hapo ndipo mtego ulipo: klabu inaokoa pesa za hoteli kwa kuwalaza wachezaji kwenye siti. Kulala Tabora usiku mmoja ni gharama, ila ni nafuu kuliko nyama za paja kuchanika dakika ya 20.

Treni ya SGR inayokwenda hadi kilomita 160 kwa saa imefika Dodoma tangu 2024. Timu inaweza kuipanda kutoka Dar na kukutana na basi lake pale. Kipande cha Tabora hadi Kigoma mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022. Kikikamilika, Mashujaa itakuwa na mwendo wa kweli.