Mwalimu Mpya Asiachwe Peke Yake

Tarehe 1 Februari 2025, hapa hapa Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023. Cheti cha ualimu cha Daraja A, kilichotulelea watoto kwa miaka mingi, sasa kinaipisha stashahada. Januari ya mwaka huo huo, walimu zaidi ya 200,000 waligombea nafasi za ajira zisizofika 15,000. Zamani mhitimu alipangiwa kituo akafunga safari. Safari hii alikabiliwa na usaili.

Kiwango kupanda ni jambo la heri. Lakini mimi nashikilia kwamba cheti kikubwa hakitoshi ikiwa anayekishika akishafika kituoni hana wa kumwelekeza. Na ushahidi ninao, tena kwa watu tuliozoea kuwabeza.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo 1977. Vyuo visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda ule. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakawa wanafundisha huku wanasoma: masomo kwa njia ya posta, vipindi vya redio, na mkufunzi aliyewazungukia vijijini kuona wanavyofundisha. Zaidi ya 35,000 walihitimu. Huku Ugogo walikuta vijiji vya ujamaa vilivyotokana na Operesheni Dodoma vikiwa bado vichanga. Asubuhi walikuwa darasani, baadaye shamba la shule, jioni kisomo cha watu wazima. Wapo miongoni mwenu waliofundishwa kutoa na kujumlisha kwa mbegu za ubuyu, na hesabu hizo hawajazisahau. Kwa hiyo anayelitamka jina la “mwalimu wa UPE”, yaani wa mpango ule wa elimu ya msingi kwa wote, kwa dharau, namwomba akumbuke nani alimfundisha baba yake kusoma. Upungufu wao ulikuwepo, tena mkubwa. Ila yule mkufunzi wa kuwazungukia walikuwa naye.

Haraka ilirudi mara nyingine bila mkufunzi huyo. Shule za kata zilipoota kila mahali baada ya 2006, vijana wa kidato cha sita walipigwa msasa wa wiki chache wakatupwa darasani, na mitaani wakabatizwa “vodafasta”. Mwaka 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati waliondolewa Chuo Kikuu cha Dodoma ghafla, wakaonekana na masanduku yao barabarani. Waliolaumiwa na wengi ni wao. Mimi nauliza: aliyeuandaa mpango ule alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa?

Leo tunamtaka mwalimu ajue KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), mtaala mpya, malezi na ushauri nasaha, na takwimu za kujaza kwenye kishikwambi kilichotoka kwenye sensa ya 2022. Anaripoti shule ya mbali huko Chemba, anakabidhiwa chaki na darasa lililofurika. Andalio la somo anaandika vizuri, maana chuoni alifundishwa hivyo. Lakini nani atakaa nyuma ya darasa lake amwone anavyomwita mtoto anayejificha pembeni, kisha amwambie kwa upole wapi amekosea? Usaili humpima mtu. Kumfundisha hauwezi.

Mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, tayari upo, na vituo vya walimu vipo. Walimu wakuu, nawasihi msiugeuze kuwa mahudhurio ya kusaini. Walimu wakongwe mnaokaribia kustaafu, mchukueni kijana mmoja mmoja kabla hamjaondoka. Wazazi, mwalimu mgeni apate chumba chenye paa zima kabla ya masika. Nanyi madiwani wa Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, Chemba na Kondoa, bajeti ikiletwa mezani, ulizeni fungu la mafuta ya pikipiki ya afisa elimu kata liko wapi, na msilipitishe kabla hamjajibiwa ni madarasa mangapi atayafikia kwa mwezi.