Pete za Harusi kwa Mabaki ya Vitenge

Katika barua zilizofika juma hili ipo moja kutoka Buhongwa, iliyoandikwa na mama ambaye mumewe ni mfanyakazi wa kiwanda cha samaki na yeye mwenyewe ana cherehani barazani. Binti yao anaolewa mwezi Desemba. Mama huyu amekusanya magunia mawili ya mabaki ya vitenge na kanga, na katika kitabu kimoja cha ushonaji ameona picha ya mfarishi uliopambwa kwa pete zilizoshikana mithili ya mnyororo. Anataka kumshonea binti yake mfarishi wa namna hiyo. Lakini shangazi wa binti amekwisha kutoa hukumu: bibi harusi hapelekwi kwa mumewe na viraka. Mama anatuuliza mambo mawili, yaani pete zile hukatwaje, na je, shangazi ana haki?

Tuanze na shangazi, kwa sababu neno lake ni zito na linasemwa katika nyumba nyingi. Sisi tuliozoea kuona kaptura za shule zikiwekwa viraka makalioni, na tunaokumbuka jinsi nguo zilivyoadimika madukani mwanzoni mwa miaka ya 1980, hatuwezi kulaumiwa kwa kukiogopa kiraka. Hata hivyo kiraka ni kitu kimoja na kipande ni kitu kingine. Kiraka huja baada ya tundu, nacho huwekwa ili kulificha. Kipande hakifichi kitu. Huchaguliwa, hupimwa, hukatwa kwa patani na kuwekwa mahali pake pamoja na wenzake mia kadhaa. Mfarishi wa pete hauna tundu hata moja chini yake. Shangazi na aoneshwe upande wa nyuma, ambako mishono huonekana, ndipo aamue.

Tena mtindo huu una uhusiano na harusi tangu zamani. Wamarekani huuita pete mbili za harusi, nao ulienea sana kwao mwishoni mwa miaka ya 1920 na katika miaka ya 1930, wakati uchumi wao ulipoanguka na akina mama wa mashambani wakawa wanashonea hata mifuko ya pamba iliyokuja na unga na chakula cha kuku. Inafaa kukumbuka kwamba wao nasi tulikwisha kukutana katika kitambaa kabla ya hapo: ile nguo nyeupe ngumu tunayoiita marekani ilipewa jina hilo kwa sababu katika karne ya 19 ililetwa Unguja na merikebu za wafanyabiashara wa Salem, huko Massachusetts, kisha misafara ikaibeba hadi bara. Kwa hiyo nikikushauri utumie marekani kwa sehemu za katikati, sikupeleki ugenini.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya mkasi, chambua magunia. Vitenge vingi vinavyouzwa siku hizi si pamba tupu, na kuchanganya pamba na nailoni katika mfarishi mmoja ni kujitafutia hasara, kwa maana pamba itanywea na nailoni haitanywea, na pete zitakunjamana baada ya kufuliwa mara mbili. Chomoa nyuzi chache kutoka kila kipande, uzishike kwa koleo juu ya sahani ya bati na kuziwasha. Pamba huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi, na majivu yake ni laini. Nailoni hujikunyata, huyeyuka, na huacha tone gumu. Vya pamba vifue katika maji baridi, vyekundu na vya buluu peke yake, ukirudia mpaka maji yabaki meupe. Vikikauka, vipige pasi.

Chukua karatasi ya mfuko wa saruji, uitandike sakafuni. Piga mstari, na juu yake weka alama mbili zilizoachana sentimita 28 na milimita 3. Kwa uzi na penseli, ukishikilia ncha ya uzi kwenye alama ya kwanza, chora duara kwa uzi wa sentimita 20, na ndani yake jingine kwa uzi wa sentimita 17. Fanya vivyo hivyo kwenye alama ya pili. Pale maduara yalipopandana utaona umbo lenye ncha mbili, na ndani yake mna kila kitu unachohitaji: jicho katikati, tao moja kila upande wa jicho, na kwenye kila ncha kijipande chenye pande nne, ambacho nitakiita kokwa. Sehemu nzima, kutoka ncha hadi ncha, tuiite ganda, kwa kuwa inafanana na ganda la chungwa lililokatwa.

Tao likunje mara mbili, kisha kila nusu uigawe mara tatu, upate kabari sita. Zile nne za kati zinafanana. Mbili za mwisho zina ubavu uliopinda kidogo, na ya kushoto si ya kulia; ziandike, la sivyo utakata zote za upande mmoja. Hamishia maumbo haya kwenye boksi gumu, ukiongeza milimita saba na nusu kila upande kwa ajili ya mshono.

Limebaki umbo la katikati ya pete, yaani kitovu. Chora mraba wenye upande wa sentimita 28 na milimita 3. Kata ganda zima la karatasi, ulikunje kwa urefu, uweke mkunjo juu ya kila upande wa mraba, na ufuatishe upinde wake kwa ndani. Kinachobaki katikati, chenye pembe nne zilizochongoka, ndicho kitovu. Kiongezee nafasi ya mshono kama vingine.

Kwa kitanda cha futi nne kwa sita utahitaji pete nne kwa upana na sita kwa urefu, nazo zitakupa mfarishi wa sentimita 125 kwa 181 hivi, unaofunika godoro bila kuning'inia. Hesabu yake ni hii: maganda 58, na kwa hiyo matao 116, kabari 696, makokwa 116, macho 58 na vitovu 24. Jumla ni vipande 894. Nimeiandika kwa makusudi kabla hujakata hata kimoja. Vitovu na macho vyote vitatoka katika mita tatu za marekani yenye upana wa sentimita 115. Vilivyobaki vitatoka magunia.

Hapa ndipo wengi hukimbilia cherehani, na hapa ndipo ninapoomba usubiri. Uzuri wa mfarishi huu umo katika mpango, na mpango hufanyika sakafuni, kabla ya uzi. Mpango rahisi ni kuchanganya kabari bila kuchagua, mradi makokwa yawe ya rangi mbili tu zinazopokezana; makokwa ndiyo yanayolituliza jicho katikati ya ghasia. Mpango wa pili ni kupanga kabari za kila tao kutoka rangi nzito hadi nyepesi kwa utaratibu uleule, na pete zote zitaonekana kana kwamba zinazunguka. Mpango wa tatu, wa kila pete kuwa na rangi yake, unapendeza kwa macho na kutesa kwa mikono, kwa sababu matao manne ya pete moja yamo katika maganda manne mbalimbali, na kila ganda linabeba tao la jirani. Anayeutaka achore pete zote 24 katika daftari, azipe namba, na kila tao aliandikie namba ya pete yake.

Lakini ningekuwa mama wa Buhongwa ningechagua mpango ambao kila mwanamke wa nchi hii anaujua bila kufundishwa, nao ni wa kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Katika pete zako 24, kumi na sita ziko kandokando: hizo zifanye pindo, kwa rangi nzito, nyekundu iliyokolea, nyeusi, buluu ya kaniki. Nane zilizo ndani ndizo mji. Zipewe rangi za kung'aa. Jina litariziwe kwa mkono kwenye vitovu viwili vya kati, jina la binti katika kimoja na mwaka wa harusi katika kingine. Sidhani kama shangazi ataita kitu hicho viraka.

Kushona ni hivi. Unga kabari sita kuwa tao. Tao moja lishonwe kwenye jicho. Tao la pili liongezewe kokwa kila ncha, kisha nalo lishonwe upande wa pili wa jicho. Mpinde kwa mpinde haukubali kulazimishwa: kunja kila kipande upate katikati yake, choma pini katikati kwa katikati, kisha ncha kwa ncha, kisha sehemu zilizobaki. Kipande kilichobonyea kiwe juu, chini ya macho yako, na ukikate vijichale vya milimita tatu kwenye ukingo ili kifunguke. Usivute, maana kitambaa kilichokatwa mshazari hurefuka mkononi. Maganda yakiwa tayari, yashone kwenye vitovu, safu kwa safu.

Kisha tandika matabaka matatu: kanga kuukuu au shuka chini, katikati tabaka jembamba la pamba au blanketi lililochakaa, juu kazi yako. Piga bandi kutoka katikati kwenda nje, halafu ushone kwa mkono kupenya matabaka yote, ukifuata macho na vitovu. Nasema blanketi bila kusita, ingawa tunaishi katika nchi ya pamba. Pamba isiyochambuliwa vizuri hukusanyika mabonge ikifuliwa.

Ukikamilisha maganda mawili kila jioni, maganda peke yake yatakuchukua siku 29. Ukijumlisha kukata, kuunga safu na kushona matabaka, mwenye kazi nyingine mchana asitegemee kumaliza kabla ya jioni 60. Jioni 60 za saa mbili mbili ni saa 120, sawa na siku 15 za kazi ya saa nane. Nawaambia hasa wale ambao, baada ya jirani kuusifu mfarishi wao, huuza wa pili kwa bei ya marekani na uzi, kana kwamba mikono yao iliokotwa. Zidisha siku 15 kwa ujira ambao wewe mwenyewe ungemlipa kibarua, ndipo uongeze vifaa. Mnunuzi akishtuka, mwache ashtuke. Mwaka 1966 wanawake weusi wa jimbo la Alabama, Marekani, wengi wao wa familia za wakulima wasio na mashamba yao wenyewe, waliunda ushirika wa kushona na kuuza mifarishi kwa sababu hiyohiyo: mmoja mmoja walipangiwa bei, wakiwa pamoja waliweza kuitaja. Akina mama watano wenye cherehani katika mtaa mmoja wanaweza kugawana kazi, mmoja akate, wawili waunge matao, wawili washone matabaka.

Neno moja kuhusu magunia yale. Mabaki ya fundi si takataka, wala si mali ya fundi moja kwa moja. Kitambaa kilinunuliwa na mwenye gauni, na kilichobaki ni chake mpaka aseme vingine. Wengi hawaulizi, na mafundi wamezoea kutoulizwa. Ukitaka mabaki, mwombe fundi awaulize wateja wake mbele yako, nawe umlipe kitu kidogo kwa kuyatunza makavu na kuyatenga na vumbi la barabara. Na wewe unayepeleka kitenge kushonwa, dai vipande vyako. Gauni moja la mtu mzima huacha kabari za kutosha matao mawili au matatu.

Mwisho wa kazi ni ukingo, ambao katika mfarishi huu ni wa mawimbi. Utepe ulionyooka hautakubali kuufuata. Kata utepe wa mshazari wenye upana wa sentimita tano, uukunje mara mbili kwa urefu, uushone ukianzia katikati ya wimbi na si bondeni, na kila ufikapo bondeni simamisha cherehani sindano ikiwa chini, inua mguu wa cherehani, geuza kazi, kisha endelea. Anayeyaogopa mawimbi anaweza kuibandika kazi yote juu ya shuka la rangi moja lenye kingo zilizonyooka, aishone kwa mkono pembezoni, na kupata hapohapo sentimita kumi zaidi kila upande za kuchomeka chini ya godoro.