Jawabu Lisilo na Swali

Pana hesabu moja ambayo haikosi kuonekana katika tasnifu na makala zihusuzo siasa ya Tanzania ya mwisho wa karne ya 20. Husemwa kwamba mwaka 1991, Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilipokusanya maoni ya watu zaidi ya 36,000, karibu wanane katika kila kumi walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi juu ya hayo, na sheria ikabadilishwa mwaka 1992. Mwandishi akishaandika hivyo huweka kalamu chini, kana kwamba amekwisha kuonyesha yaliyokuwamo katika mioyo ya taifa zima. Wako pia wanaoitupa hesabu hiyo yote, wakisema ni mchezo wa wakubwa tu. Wote wamekosea, lakini kosa la wa kwanza limeenea zaidi, na ndilo linalofundishwa.

Waliohesabiwa ni wale waliojitokeza kutoa maoni. Hawakuteuliwa kwa bahati nasibu ili wasimame badala ya wenzao wote. Wala wingi wao hauponyi kasoro hiyo, kama ilivyodhihirika Marekani mwaka 1936. Jarida la Literary Digest lilipeleka kadi kwa watu milioni 10, likapata majibu zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt akachukua majimbo 46 katika 48. Majina yalitolewa kwa wingi katika vitabu vya simu na orodha za wenye motokaa, zama za dhiki ambapo fukara hakuwa na hiki wala kile. Tena waliojisumbua kurudisha kadi hawakufanana na walionyamaza. George Gallup aliuliza watu wachache zaidi, lakini kwa mpango, akamtabiri mshindi.

Walakini Gallup naye asifiwe kwa kiasi. Kwa kuwa alitaka kujua kura itakwendaje, aliwatafuta waliodhaniwa kuwa watapiga kura. Wanawake wakapungua katika hesabu zake za miaka ile, na Weusi wa Kusini, waliozuiliwa kura kwa sheria na kwa vitisho, wakaachwa kwa sehemu kubwa. Mtafiti wa leo afunguaye majedwali hayo na kuandika kwamba Wamarekani walifikiri hivi au vile, huwanyima watu hao kauli mara ya pili.

Katika Tanzania yapo mambo mengine mawili ya kutazamwa, nayo ni mamlaka na lugha. Mtu wa bara aliyekuwa na umri wa miaka 40 mwaka 1991 alikuwa mtoto wa miaka 14 chama kimoja kilipowekwa kwa sheria mwaka 1965. Hakupata hata mara moja kupiga kura penye vyama viwili. Alikua chini ya balozi wa nyumba kumi, akizisikia kila siku habari za chama kushika hatamu. Siku alipoulizwa kama chama hicho kiwe peke yake, aliulizwa na nani? Na tume iliyoteuliwa na Rais, ambaye ndiye aliyekuwa Mwenyekiti wa chama chenyewe! Wapimaji wa Afrobarometer, walioanza kazi Tanzania mwaka 2001, wana desturi njema ya kumwuliza mtu mwishoni anadhani nani amewatuma. Na wengi hujibu kwamba ni serikali, ingawa sivyo. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mgeni asiye na cheo, itakuwaje kwa tume ya Rais?

Tena liko neno lenyewe, "vyama". Mzee wa Unguja aliyekumbuka Juni 1961, watu 68 walipouawa kwa fujo za uchaguzi, hakulisikia neno hilo kama alivyolisikia kijana wa Dar es Salaam aliyefuata habari za Ulaya ya Mashariki za mwaka 1989. Mmoja alisikia damu, mwingine alisikia mlango unafunguliwa. Na wengi waliosema chama kimoja kiendelee walisema pia kwamba kirekebishwe, jambo ambalo Tume ililiona na kulipima, ilhali wanukuzi wake hulipita.

Wengine hudhani wameipata dawa katika uchaguzi wa mwaka 1995, ambapo wagombea urais wa upinzani walipata pamoja kura kama 38 katika kila mia, na Augustino Mrema peke yake zaidi ya robo. Dawa hiyo haifai. Mrema alikuwa waziri aliyetoka CCM mwaka ule ule. Aliyempa kura yamkini alimpenda mtu, wala hakuwa akijibu swali la mwaka 1991.

Basi hesabu za kale zitupwe, wahojiwe wazee? Hapo ndipo wenye dharau wanapopotea. Mzee ahojiwaye leo anajua yaliyofuata: anajua vyama vilikuja, anajua nani alishinda, na kumbukumbu yake imekwisha kupatana na mambo hayo bila yeye kukusudia. Aliyesema mwaka 1991 hakujua lolote katika hayo. Alisema akiwa gizani kama wenzake, na maneno yake yakaandikwa kabla ya matokeo kuyageuza. Ushahidi wa namna hiyo ni adimu, na hakuna hadithi ya uzeeni iwezayo kuushika mahali pake.

Kwa sababu hiyo haustahili kutumiwa kwa uvivu. Msimamizi wa tasnifu apewapo ukurasa wenye "wanane katika kumi" peke yake, bila maneno ya swali kama yalivyotamkwa kwa Kiswahili, bila kutaja aliyeuliza, na bila habari ya waliotaka chama hicho kimoja kirekebishwe, na aurudishe kwa mwanafunzi siku ile ile.