Tovuti ya kampuni ya utalii: mgeni huamua kabla hajasoma

Wateja wengi wa kampuni za utalii za Arusha na Moshi hawapitii mlango wa ofisi. Mgeni yuko Ujerumani au Marekani, amefungua tovuti tano au sita kwa mpigo, na kazi yake ya kwanza ni kutafuta sababu ya kuzifunga nyingi kati ya hizo.

Kazi hiyo haimchukui muda. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carleton nchini Kanada, wakiongozwa na Gitte Lindgaard, waliwaonyesha watu kurasa za mtandao kwa sehemu moja tu ya ishirini ya sekunde. Maoni yao kuhusu mvuto wa kurasa hizo yalikaribiana na yale yaliyotolewa kwa muda mrefu zaidi. Kabla ya hapo, mwaka 2002, Chuo Kikuu cha Stanford kiliwahoji watu zaidi ya 2,600 kuhusu kinachowafanya waiamini tovuti. Asilimia 46 ya maelezo yao yaligusia mwonekano.

Wapo wamiliki wanaodhani kwa hiyo dawa ni mapambo. Ukurasa wa mwanzo unajazwa video ya simba, picha zinazojibadilisha zenyewe na muziki usioombwa na mtu. Hilo lilishajaribiwa na watu wenye fedha kuliko kampuni yoyote ya Arusha. Boo.com, duka la mavazi la London, lilifunguliwa mtandaoni Novemba 1999 likiwa na tovuti ya kuvutia lakini nzito mno kwa intaneti ya simu za mezani ya wakati huo. Kufikia Mei 2000 lilikuwa limefilisika, baada ya kutumia takriban dola milioni 135. Uzito wa tovuti haukuwa sababu pekee, lakini wateja wengi hawakufika hata kwenye nguo.

Kasi imeongezeka tangu mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, na kasi hiyo nayo ina hila yake. Mwenye kampuni huiangalia tovuti yake kwenye kompyuta ya ofisini, ambayo imekwisha kuhifadhi picha zote, akaridhika kwamba inafunguka haraka. Mgeni anaifungua kwa mara ya kwanza, kwa simu, pengine akiwa ndani ya treni. Kipimo cha kweli ni simu ya mtu mwingine, nje ya ofisi.

Tovuti ikishafunguka, linalofuata ni uaminifu. Kupanda Mlima Kilimanjaro mara nyingi humgharimu mgeni zaidi ya dola 1,500, na malipo ya awali hutumwa kwa watu asiowahi kuwaona. Anachotafuta ni dalili kwamba watu hao wapo: leseni ya biashara ya utalii, ofisi iliyo kwenye mtaa unaojulikana, sura na majina ya waongozaji. Badala yake mara nyingi hukuta ile picha ya tembo mbele ya Kilimanjaro, ambayo kwa kawaida hupigwa Amboseli, upande wa Kenya. Msafiri aliyesoma kidogo atajiuliza kama kampuni hiyo imewahi kupiga picha yake yenyewe.

Barua pepe ya bure nayo inasema jambo, wakati jina la .co.tz husajiliwa kwa gharama ndogo kupitia mawakala. Onyo la kivinjari kwamba tovuti si salama linasema zaidi. Chrome ilianza kuziwekea alama hiyo tovuti zote zisizo na cheti cha usalama Julai 2018, ilhali vyeti vya Let's Encrypt hutolewa bure.

Suala gumu zaidi ni bei. Kampuni nyingi huificha nyuma ya maneno "wasiliana nasi" kwa kuogopa washindani. Washindani hao wanaijua tayari. Asiyeijua ni mteja. Ada za hifadhi za TANAPA ziko wazi, hivyo mgeni makini anaweza kuzitoa kwenye bei ya safari, akatazama kinachobaki kwa chakula, mahema na ujira wa wapagazi. Kampuni inayoonyesha mchanganuo huo inajitenga mapema na zile zenye bei ya kutupa.

Mgeni asiyeridhika haachi safari. Hununua kwa wakala wa kwao mwenye tovuti nzuri, naye wakala hukata faida yake, kisha humkabidhi mgeni kwa kampuni ya Moshi kwa bei ya jumla. Mlima unapandwa vilevile, na waongozaji ni walewale ambao angeweza kuwalipa moja kwa moja. Kilichopungua ni fedha inayobaki Moshi, na mara nyingi anayebanwa wa kwanza ni mpagazi.