Majibu ya Maabara Yaaminike

Mwananchi anayetoa damu yake hospitalini huamini kwamba jibu atakalopewa ni la kweli. Kwa jibu hilo mganga huamua dawa, na pengine uhai wa mgonjwa.

Utafiti uliofanywa katika hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania, ukachapishwa mwaka 2004, haufai kusahauliwa. Watafiti walisoma slaidi za damu za wagonjwa 4,474 waliolazwa kwa malaria kali. Waliokutwa na vijidudu vya malaria walikuwa 2,062 tu, yaani chini ya nusu. Miongoni mwa wasiokuwa na vijidudu, asilimia 66 hawakupewa dawa za kuua bakteria. Vifo vyao vilifikia asilimia 12.1, wakati vya wenye vijidudu vilikuwa asilimia 6.9. Jina la malaria lilipokwisha kuandikwa, ugonjwa wenyewe haukutafutwa tena.

Lawama hiyo haiwezi kubebeshwa waganga peke yao. Mganga aliyezoea maabara isiyotegemeka hulipuuza jibu la kwamba hakuna vijidudu. Naye mtaalamu wa maabara, akiona majibu yake hayafuatwi, huvunjika moyo wa kutazama kwa makini. Ndivyo uzembe unavyozaa uzembe.

Kazi yenyewe inajulikana. Tone la damu litandazwe vizuri na likauke. Rangi ya Giemsa ichanganywe kwa kipimo chake. Hadubini iwe safi. Na kabla ya kuandika kwamba hakuna vijidudu, sehemu zisizopungua 100 za slaidi zitazamwe. Mtaalamu mmoja mwenye foleni ndefu mlangoni hawezi kuyatimiza hayo, hata akiwa na ari namna gani. Vipimo vya haraka vimepunguza mzigo huo, lakini navyo huharibika vikiwekwa penye joto na unyevu.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani, Kanda ya Afrika, lilizindua mjini Kigali utaratibu wa kuzipandisha maabara hatua kwa hatua hadi nyota tano. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo, nyota hutolewa baada ya ukaguzi, na mgonjwa huja kila siku. Hapana budi slaidi zihifadhiwe, na kila mwezi baadhi yake zichaguliwe bila upendeleo, zisomwe na mtaalamu mwingine asiyejua jibu la kwanza. Makosa yarudishwe kwa aliyeyafanya ili ajifunze, na waganga waelezwe matokeo ili wajue kiasi cha kuiamini maabara yao.

Wizara, mikoa na wilaya zina wajibu wa kulisimamia jambo hili kwa watumishi wa kutosha na usafiri wa uhakika. Wakuu wa hospitali nao wasione haya kuyaweka makosa hadharani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa mwenye kuficha ni maabara, lakini anayekufa ni mwananchi.